Kiatu cha Suraya

Kibokoni, Mji wa Kale
28 Septemba

Kwa Katibu wa Kamati ya Filamu, Ukumbi wa Makadara.

Assalaam aleikum, Katibu.

Najua Katibu ni wewe, Duha, binti wa ndugu yangu, niliyekulea mimi na kukufundisha kusuka nywele zako mwenyewe. Lakini nikikuandikia kama shangazi utaiweka barua chini ya kikombe cha chai na kuisahau. Leo naandika kama mkaazi wa Mombasa na mteja wa shoo yenu ya wanawake tangu mlipoifufua.

Nina ombi. Nataka "Daraja la Suraya" ionyeshwe kwenye shoo ya wanawake ya Jumapili tarehe 2 Novemba, saa tisa alasiri. Kwa hesabu ya simu ya mwanangu Ziad, eda yangu itakuwa imekwisha Jumamosi, siku moja kabla. Tangu mume wangu afariki sijavuka kizingiti cha nyumba hii, na ninataka safari yangu ya kwanza iwe hiyo. Siendi sokoni wala kwa wifi zangu. Naja ukumbini kwenu.

Pamoja na ombi nina malalamiko. Nimesoma ulichoandika gazetini juu ya filamu hiyo. Umesema ni "saa tatu za maji na machozi". Umesema watu milioni ngapi sijui duniani wamedanganywa na muziki. Halafu ukaandika hivi, na gazeti ninalo hapa magotini: "Bwawa limepasuka, mji unazama, na shujaa wetu anapiga goti katikati ya daraja kumfunga mwanamke ukanda wa kiatu. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayesimama wakati kama huo. Ni uongo, na ni uongo wa kipumbavu."

Hilo la mwisho ulifute. Yale mengine nitakusamehe.

Usinipigie simu. Nimempa Ziad aizime, maana kila anayepiga anataka kunisikia nikisema alhamdulillah, na nimeisema mpaka ulimi umekauka. Barua hii anakuletea Jefwa wa tuktuk, anayewapeleka wajukuu zangu shule huko Ganjoni kila asubuhi. Jibu mpe yeye.

Wasalaam,
Bi Saadia, mjane wa Shamsudin

*

Ganjoni
2 Oktoba

Kwa Bi Saadia,
Kibokoni.

YAH: OMBI LA FILAMU

Tumepokea barua yako na tunakushukuru kwa kuendelea kuwa mteja wetu.

Kamati huchagua filamu kwa ubora wake, si kwa umaarufu wake. "Daraja la Suraya" imeonyeshwa mjini kwa miezi, imo katika simu za watu, nyimbo zake zinapigwa katika kila harusi, na pale Makadara kuna wachuuzi wanaouza viatu vya plastiki wanavyoviita vya Suraya. Haihitaji ukumbi wetu. Shoo ya wanawake tumeifufua kwa shida, na mwenyekiti wetu, Bwana Jared, anapendekeza tuwaonyeshe kina mama filamu ambazo hawangeziona kwingine. Kwa Novemba tumechagua filamu fupi juu ya wavunaji chumvi, iliyopata sifa nyingi nje.

Kuhusu makala yangu, mhakiki huandika anachokiona. Sitaifuta.

Pole sana kwa msiba.

Wako mtiifu,
Duha
Katibu

*

Kibokoni
5 Oktoba

Wee Duha,

"Pole sana kwa msiba"! Mimi! Kwa barua ya ofisi, kama ninayedaiwa maji! Mwanamke niliyekuogesha tetekuwanga! Nimeisoma mbele ya Ziad akacheka mpaka akakohoa, nami nikamwambia acheke tu, maana mimi ninakuja huko kwa kalamu.

Kwanza hao wavunaji chumvi. Mwenyezi Mungu awazidishie, lakini nani atatoka kwake Jumapili, ameacha watoto, akaja kutazama watu wakivuna chumvi? Bwana Jared na aje peke yake akae mstari wa mbele.

Pili, unasema kupendwa kwake ndiyo aibu yake. Wanawake wa Mji wa Kale si wajinga, Duha. Tumetazama filamu tangu shoo za wanawake za zamani, wakati wewe hujazaliwa, na iliyo mbaya tuliifahamu kabla ya mapumziko tukaanza kuongea mambo yetu. Hii hakuna aliyeongea. Suraya na Rustam si vijana wanaochekeana dirishani. Ni watu wazima waliooana, wakagombana, wakaachana kwa kiburi. Suraya yuko njiani na sanduku lake anahama mji, na bwawa linapasuka siku hiyo hiyo, na yule mume aliyemwapia hatamtazama tena anakwenda mbio kumtafuta. Unaita hayo maji na machozi? Ninyi wahakiki mna tabia ya kuona haya kwa kitu chochote kinachowaliza watu. Kikiwafanya watu wapige miayo mnakipa nyota tano.

Na hapa nina la kukuuliza. Mbodze anayekata tikiti pale kwenye sinema ya mjini, dada yake ndiye anayeniletea maziwa. Anasema siku ile mlipoalikwa ninyi waandishi, Mbodze aliingia msalani akakukuta umefungulia bomba maji yakimwagika bure, umeinamia karai, mabega yanakwenda juu na chini. Akakuuliza kama ni mgonjwa. Ukamwambia ni vumbi. Vumbi ndani ya sinema yenye kiyoyozi! Kisha ukaenda kukaa na hao wanaume wenye miwani ukaandika uliyoyaandika.

Sasa nikueleze kwa nini nasema ulifute lile la kiatu. Haya ungeyajua zamani kama ungekuja, lakini tangu hitma ya siku ya tatu hujakanyaga nyumba hii.

Ami yako Shamsu nilikwenda naye kuitazama mwezi wa Aprili. Alikuwa upande wako. Rustam alipopiga goti pale darajani, yeye alisimama kwenye kiti, ukumbi umejaa watu, akapiga kelele, "Kwani yuwafanyani huyu? Na atoke mbio!" Watu wakacheka. Njia nzima ya kurudi tulibishana. Akasema kama wewe, mtu mwenye akili hasimami.

Jioni aliyofariki, moyo ulipombana, Ziad na Jefwa walimweka kwenye kiti cha jikoni wakamteremsha ngazi. Unazijua ngazi zetu. Walipofika mlangoni akainua mkono. Hana pumzi, midomo imebadilika rangi, Jefwa keshawasha tuktuk, na mume wangu akaukamata mlango asitolewe. Akanitazama miguuni. "Saadia," akasema, "viatu."

Nilikuwa pekupeku. Sikuwa na habari. Ziad akampigia kelele, nami nikampigia kelele, hakuuwacha mlango. Nikapanda juu, nikashuka na viatu, na hata hapo hakuridhika mpaka aone nimevivaa na kuvifunga. Ndipo akasema, "Haya, twende." Sikumsikia tena akisema neno lingine. Daktari alituambia dakika zile zisingebadilisha kitu.

Kwa hivyo yuko mtu mwenye akili timamu anayesimama. Niliolewa naye miaka yote ile.

Na la mwisho, halafu naweka kalamu. Sijalia, Duha. Hata tone. Watu wanakuja wananisifu subira, wananiita mfano kwa wanawake, nami nawaandalia kahawa. Si subira. Limekwama hapa kifuani, halipandi wala halishuki. Ninataka kukaa gizani, katikati ya wanawake mia nne wanaolia kila mmoja lake, mahali ambapo hakuna atakayegeuka kunitazama. Pengine litashuka. Nimefikiri sana, sijaona mahali pengine.

Shangazi yako,
Saadia

*

Ganjoni
12 Oktoba

Shangazi,

Nakubusu mkono. Nimekaa na barua yako wiki nzima, na Jefwa kila asubuhi ananitazama kama aliyenikopesha kitu.

Sikujua habari za mlangoni. Ziad hakuniambia.

Mbodze amesema kweli. Nililia. Nililia vibaya, na niliporudi kwenye kiti mwenzangu mmoja alikuwa anasema hii ni filamu ya kina mama wa jikoni, na wote wakacheka, nami nikacheka. Makala niliiandika jioni hiyo hiyo. Lakini Shangazi, usishangilie mapema. Mtu anaweza kulia kwa kitunguu pia. Bado nasema filamu ni ndefu kupita kiasi, ule wimbo wa juu ya paa hauna kazi, na maji yale mara nyingine yanaonekana ya karai. Siwezi kuandika kwamba si hivyo.

Kuhusu kutokuja. Kila nikifika pale kona ya muuza maji ya madafu miguu inakataa. Nyie ndio mlionilea. Ami Shamsu ndiye aliyenipeleka sinema mara ya kwanza, akanifunika macho kwa kofia yake penye sehemu za kutisha, na mimi nikatazama kupitia matundu ya kofia. Nikiingia nyumba ile na kile kiti cha barazani kitupu, nitakuwa mzigo wa pili kwako. Nilidhani ni afadhali nisije.

Nimelipeleka ombi lako kwenye kamati. Bwana Jared alinisomea makala yangu mwenyewe kwa sauti, neno kwa neno. Alipomaliza nikasema bado naomba ionyeshwe. Amekubali kwa sharti. Ukumbi ujae. Usipojaa, shoo ya wanawake inaondolewa kabisa na Jumapili zetu wanapewa watu wa mikutano.

Kwa hivyo ni tarehe 2 Novemba, saa tisa. Shangazi, najua unavyojua kupigana, lakini huwezi kutoka nje. Utaujaza vipi?

Duha wako

*

Kibokoni
19 Oktoba

Duha mwanangu,

Unauliza nitaujaza vipi. Mjane akiwa edani, nani haji kumtazama? Wanakuja tangu asubuhi. Kila anayeingia namwacha anipe pole, anywe kahawa, na akiinuka namwambia tarehe mbili, saa tisa, njoo na dada zako. Nani atamkatalia mjane? Waalimu wa madrasa ya wasichana wamesema wanakuja wote. Wauza samaki wa Liwatoni wanakuja na mama zao. Hata yule jirani yangu ambaye hatusemezani tangu mambo ya bomba la maji machafu amemtuma mtoto kuuliza kama naye anaruhusiwa. Nimesema aje, filamu si ya baba yangu.

Ziad ndiye kikwazo. Jana alikaa mbele yangu na uso wa kadhi. "Mama, watu watasemaje? Siku ya pili umetoka eda, uko sinema?" Nikamwambia watu walisema nilipoolewa na Shamsudin, na walisema nilipojifunza kuendesha gari, na wengi wao nimewazika. Sheria ya Mungu nimeishika yote. Sikupaka wanja, sikugusa udi, sikutia mguu nje. Eda ikiisha imekwisha. Hakuna kitabu kilichosema baada ya hapo mwanamke akae akingoja ruhusa ya majirani.

Akainuka. Halafu akaniuliza kama nitahitaji mtu wa kunisindikiza.

Nimemtuma Jefwa kwa wachuuzi wa Makadara aniletee viatu vya Suraya, saizi yangu. Vyekundu. Usinicheke.

Na wewe, kona ya muuza madafu haina simba. Kile kiti nimekitia ndani, na hata kama kingekuwapo, nyinyi wawili mngekutana tu.

Shangazi

*

Kibokoni
24 Oktoba

Duha,

Limetokea jambo. Mwezi haukuonekana juzi.

Mwezi wa Mfungo Nane tumeuanza jana jioni, si juzi. Watu walipanda mapaani kutazama, wingu tu. Ziad alihesabu kwa simu yake, na simu yake inafuata mwezi wa Saudia. Eda yangu ni miezi minne na siku kumi kwa mwezi wa hapa. Kwa hivyo haiishi Jumamosi. Inaisha Jumapili, jua likitua.

Filamu ni saa tisa.

Sina la kuongeza.

Saadia

*

Ganjoni
25 Oktoba

Shangazi,

Tafadhali nisikilize kabla ya kukasirika. Mabango yameshabandikwa kuanzia Makadara mpaka Mbaraki. Tikiti zimekwisha, Shangazi, zote. Nimeuliza kwa Maalim Khubaib, na amesema kwa upole kwamba wako wanazuoni wanaoukubali mwezi ukionekana popote, na mtu akiufuata huo hana dhambi. Nusu ya jamaa zetu walisherehekea Idi kwa mwezi huo. Ni saa tatu tu za tofauti. Hakuna atakayekulaumu, wala hakuna atakayejua.

Umengoja miezi yote hii. Usijinyime kwa ajili ya wingu.

Duha

*

Kibokoni
26 Oktoba

Duha,

Maalim Khubaib ni mtu mwema na amesema haki. Wanaoufuata mwezi huo ni Waislamu kama mimi. Lakini Shamsudin alifunga kwa mwezi wa hapa na akafungua kwa mwezi wa hapa maisha yake yote, hata mwaka ule nyumba yetu ilipobaki peke yake mtaani ikifunga huku majirani wanakula biriani ya Idi na harufu inaingia dirishani. Alipofariki ulikuwa umeandama mwezi wa hapa. Siwezi kumwanzia eda kwa mwezi wake nikammalizia kwa mwezi wa watu wengine, eti kwa sababu nina haraka ya kwenda sinema.

Unaniambia hakuna atakayejua. Hata yeye pale mlangoni hakuna ambaye angejua mimi ni pekupeku, usiku unaingia, tuktuk imefunikwa.

Onyesheni bila mimi. Ukumbi umejaa, shoo yenu imepona, na mimi nimefurahi kwa hilo, wallahi nimefurahi. Viatu nitavivaa ndani ya nyumba.

Shangazi yako

*

Ganjoni
28 Oktoba

Kwa Bi Saadia,
Kibokoni.

YAH: MABADILIKO YA SAA

Kamati inapenda kukuarifu kwamba filamu "Daraja la Suraya" itaonyeshwa Jumapili tarehe 2 Novemba saa moja jioni, badala ya saa tisa alasiri.

Ndiyo, jioni. Ndiyo, baada ya magharibi, saa ambayo hakuna mwanamke wa Mji wa Kale anayetoka, kuna chakula cha usiku na watoto wa kulaza. Bwana Jared amenieleza hayo yote akiwa amesimama. Amesema nusu watarudisha tikiti. Amesema nimeipoteza shoo niliyoipigania mwenyewe, tena kwa ajili ya filamu niliyoitukana. Nimemwambia inawezekana. Na nimemwambia saa ni saa moja.

Jana na leo nimepita nyumba kwa nyumba nikibadilisha mabango kwa mkono. Wanawake wananiuliza kwa nini. Nawaambia kuna mtu mmoja hajamaliza eda. Hawaulizi ni nani. Wananitazama tu, kisha wanafunga mlango, na sijui maana yake ni kuja au kutokuja.

Jumapili baada ya alasiri nitakuwa kwako. Jua likitua nitakuogesha, nitakuvisha, nitakutia udi. Kona ya madafu nitaipita nimefumba macho kama itabidi.

Wako mtiifu, safari hii kweli,
Duha

*

Kibokoni
3 Novemba

Duha, mwanangu,

Najua ulikuwapo. Najua tumelala nyumba moja usiku wa jana na umeondoka asubuhi na mapande mawili ya mkate wa mofa mkobani. Lakini kuna nilichokiona ambacho wewe hukukiona, kwa sababu ulikuwa chini, na mambo ya namna hii mimi siyawezi kwa mdomo. Jefwa anangoja hapo nje na nimemwambia angoje.

Tulipofika na kuona ule msururu, ulinishika mkono ukauminya mpaka ukaniuma. Wamekuja wote. Wamekuja na chakula cha usiku ndani ya mahotpoti, na watoto wamefungwa vizuri mgongoni, na yule jirani wa bomba kabeba sufuria nzima ya wali wa nazi na vijiko vya watu. Mmoja akamwambia Bwana Jared pale mlangoni, "Waume wetu leo wala mkate na chai, hawatakufa." Alitoa miwani akaifuta, maskini.

Nilikaa nikatazama. Nilijua mahali pa kulia ni pale darajani, nilikuwa nimejiandaa. Rustam akapiga goti. Maji yanakuja. Na ukumbi mzima ukaanza, unakumbuka, "Mfunge vyema! Usimfunge legelege!" na bibi mmoja nyuma akasema, "Huo ukanda nami nimeununua Makadara, haudumu!" Nami nikacheka. Duha, nilicheka mpaka nikashika kiti cha mbele. Mahali pa kulia nikapacheka. Nikajiambia basi, limekataa, nitakwenda nalo kaburini.

Kisha taa zikawaka, mapumziko, na mimi nikainuka.

Wewe uliniuliza naenda wapi, nami nilikuwa nimeshakupita. Sikuwa nafikiri. Miaka yote ya shoo za wanawake, Shamsudin alikuwa hawezi kuingia, basi alikuwa akinileta, akikaa nje na wanaume wengine, na wakati wa mapumziko alikuwa anasimama upande wa kulia wa mlango na karatasi ya kachiri za muhogo. Mkono tu unaingia. Wanawake walikuwa wakimtania, "Huo mkono wa Shamsu umefika!" Miguu yangu ilizoea. Taa zikiwaka, mimi huinuka. Na wale wanawake nao wamezoea, maana walinipisha njia kama kawaida, bila kufikiri, wakajibana kushoto na kulia nipite.

Nikafika mlangoni nikanyoosha mkono nje.

Hapo ndipo lilipopanda. Wewe ulinifuata ukanikuta nimeshika mlango, mkono nje, na sauti inayonitoka hata mimi siijui ni ya nani. Si gizani. Taa zote zinawaka, watu wote wananitazama. Yote niliyoyakimbia. Na ndipo nikataka kukimbia kweli, nikapiga hatua, na kile kiatu chekundu kikafunguka ukanda nikapepesuka.

Ukasema, "Ngoja, Shangazi. Kiatu." Ukapiga goti.

Ukahangaika na kile kifungo cha plastiki, nawe unalia, vidole havikamati. Nilikusikia ukikitukana. Ndiyo maana hukuona. Mimi nilikuwa juu nikaona yote. Kengele ya kurudi ndani ilikuwa imeshalia. Taa zilianza kupungua, na Mbodze, aliyekuja kusaidia kwa mashine, akaziwasha tena. Waliokuwa wanakimbilia viti wakasimama. Waliokuwa na vijiko mdomoni wakavishusha. Jirani yangu wa bomba alisimama na sufuria yake. Yule bibi wa nyuma akamwambia mtu, "Ngoja kwanza, afungwa kiatu." Hakuna aliyesukuma, hakuna aliyeuliza kuna nini. Mia nne na zaidi, na watoto, wote kimya, mpaka ulipomaliza ukauvuta ukanda kuhakikisha, ukasema, "Haya, twende."

Hukujua ulichokisema. Mimi nilijua.

Uliandika gazetini kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayesimama. Jana usiku ukumbi mzima ulisimama, Duha, na wewe ndiye uliyepiga goti.

Sasa kaandike. Ukitaka useme wimbo wa paani hauna kazi, sema, hata mimi huwa naenda msalani wakati ule.

Shangazi yako,
Saadia